Koncheto ya Bach iliyopotea: kwa nini wanasema ilikuwa ya fidla na oboe?

FidlaYaPili (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, kaeni na chai.

Kuna muziki mmoja wa Johann Sebastian Bach, mtunzi wa Kijerumani, ambao tangu nilipousikia sijaweza kuuacha. Hauna jina, una namba tu: BWV 1060 (BWV ni orodha ya kazi za Bach). Ni koncheto. Kwa ambao hawajazoea neno hilo, koncheto ni muziki wa okestra ambamo mpigaji mmoja au wawili wanatoka mbele, wanaanza kuzungumza na wenzao, wanapokezana, mara wanaachiwa uwanja wenyewe, mara okestra nzima inarudi na wimbo wa mwanzo. Ikiwa waliotoka mbele ni wawili, hiyo ni koncheto ya watu wawili, na zama za Baroki (tuseme kuanzia 1600 hadi 1750 hivi) watunzi walizipenda sana.

Hii ninayoizungumzia imetufikia ikiwa ya hapsikodi mbili. Hapsikodi ni kinanda cha zamani. Ukibonyeza, uzi unadonolewa na kijiti kidogo cha unyoya, haugongwi na nyundo kama kwenye piano. Lakini nendeni mkatafute rekodi zake. Mtakuta nyingi zimeandikwa "ya oboe na fidla" (oboe ni ala ya kupuliza, ya mti). Ajabu yake ni hii: noti za oboe na fidla hazipo. Hakuna karatasi hata moja kutoka mkono wa Bach yenye koncheto hii kwa ala hizo. Watu wamezirudisha kutoka kwenye noti za hapsikodi.

Mimi ni mpigaji wa fidla ya pili katika kikundi kidogo cha kanisani. Mara ya kwanza niliposikia sehemu ya katikati, ile ya taratibu, nilidhani naisikiliza kazi iliyoandikwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nilipojua kwamba ni ya kurudishwa nilifadhaika, kisha nikaanza kuchimba. Naomba niwaeleze nilichokipata, na wanaojua zaidi yangu waongezee.

Tuanze na mahali. Bach alikuwa Leipzig, Ujerumani. Kuanzia 1729 aliongoza kikundi cha wanamuziki, wengi wao wanafunzi wa chuo kikuu, kilichoitwa Collegium Musicum. Kikundi hicho kilikuwa kimeanzishwa na mtunzi mwenzake, Georg Philipp Telemann mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi pale mjini, mwanzoni mwa miaka ya 1700. Walipiga katika mgahawa wa kahawa wa Gottfried Zimmermann, barabara ya Katharinenstraße: majira ya baridi Ijumaa usiku, saa mbili hadi saa nne, majira ya joto Jumatano alasiri kwenye bustani yake nje ya malango ya mji. Mwaka 1733 muziki ulisimama kwa sababu ya maombolezo ya mtawala wa Saxony, na ulipoanza tena mwezi Juni, tangazo la gazeti liliwaahidi watu hapsikodi mpya ambayo hapo Leipzig haijapata kusikika mfano wake.

Sasa fikirini. Una hapsikodi mpya. Una watoto wako na wanafunzi wako wanaojua kuipiga. Una kabati limejaa koncheto ulizotunga zamani kwa ajili ya fidla na ala nyingine. Ijumaa inakuja. Bach alizichukua kazi zake za zamani akazigeuza kuwa za hapsikodi, moja baada ya nyingine. Hili si la kukisia, kwa sababu baadhi yake tunazo katika sura zote mbili. Koncheto ya fidla mbili, BWV 1043, iligeuka BWV 1062 ya hapsikodi mbili. Ya fidla moja katika A maina (maina na meja ni aina mbili za ufunguo, yaani ngazi ya noti ambayo muziki umejengwa juu yake), BWV 1041, iligeuka BWV 1058. Ya E meja, BWV 1042, iligeuka BWV 1054. Ukiziweka sambamba unaona jinsi fundi alivyofanya kazi: mkono wa kulia wa hapsikodi unachukua mstari wa fidla, mkono wa kushoto unashika besi, halafu anaongeza madoido ya kujaza mahali ambapo uzi wa hapsikodi unazimika haraka.

Kwa BWV 1060 tuna mwisho wa safari tu, mwanzo wake haupo. Na hapo ndipo wajuzi walipoanza kuusoma kinyumenyume.

Nitaendelea kwenye posti inayofuata, simu inakaribia kuzima.

Mwanakwaya

Niko mstari wa mbele. Shusha mkuu.

BintiShangani

Kaka umeanza vizuri halafu umetuacha mlangoni. Tunasubiri.

FidlaYaPili

Nimerudi.

Karne ya 19, watu walipokuwa wanachapisha kazi zote za Bach kwa utaratibu, waliona kwamba hapsikodi hizi mbili zina asili nyingine. Dhana ya kwanza ilikuwa fidla mbili, kwa kuwa mfano wa BWV 1043 ulikuwepo. Kisha mwaka 1886 akatokea Woldemar Voigt na makala juu ya sura ya asili ya koncheto hii. Huyu bwana alikuwa profesa wa fizikia pale Göttingen, mtu wa fuwele na mwanga. Ndiye aliyelipa neno la hesabu "tensa" maana wanayoitumia wanafizikia mpaka leo. Lakini nje ya maabara alikuwa mpenzi wa Bach wa kufa na kupona. Yeye akasema: hapana, hizi si fidla mbili. Moja ni fidla, nyingine ni oboe.

Aliwezaje kulisema hilo? Angalieni hizo sauti mbili. Zingekuwa fidla mbili, zingefanana tabia. Katika BWV 1043 zinafanana kabisa: anachofanya wa kwanza, wa pili anakirudia, hata ukifumba macho huwezi kujua nani ni nani. Katika BWV 1060 kila sauti ina mwili wake. Moja inaruka, inapanda na kushuka kwa mbio, ina yale mafungu ya noti ambayo mpigaji fidla akiyaona tu vidole vyake vinajua: unaacha uzi mmoja wazi, unaurudia na kuurudia, huku noti zinabadilika kwenye uzi wa jirani. Upinde unayumba kati ya nyuzi mbili kama mtu anayepiga kasia. Kwenye hapsikodi mafungu hayo hayana sababu ya kuwa vile. Kwenye fidla ndiyo mahali pake.

Ile nyingine haifanyi hivyo. Inakwenda kwa mstari. Haishuki mpaka kule kwenye uzi wa chini wa fidla. Wakati mwenzake anakimbia, yenyewe inaimba juu yake, au inashika noti moja ndefu. Na kubwa zaidi, ina mahali pa kuvuta pumzi.

Hapa ndipo mimi binafsi niliposhikwa. Fidla haipumui. Nikiwa na upinde, nikifika mwisho nageuza, naendelea. Fundi hodari akigeuza hata husikii. Naweza kupiga dakika tano bila kuacha upenyo. Mpuliza oboe hawezi, ana mapafu. Kwa hiyo ukimwandikia, lazima umwachie nafasi, na Bach alikuwa mtu wa kuziheshimu nafasi hizo hata pale alipowachosha wapulizaji wake. Voigt aliona nyayo za pumzi kwenye noti za kinanda, na kinanda hakina haja ya pumzi.

Naamini hiki ndicho kiini cha koncheto zote zinazowakutanisha mpiga nyuzi na mpuliza. Wengi wanasema uzuri wake ni tofauti ya rangi ya sauti, huyu mkali, huyu mlaini. Rangi ipo, lakini naona uzito wote uko kwenye tofauti ya wakati. Wawili wanasema sentensi ileile, mmoja lazima akate ili aishi, mwingine hana haja ya kukata. Mtunzi hodari anaifanya haja ya mmoja kuwa nafasi ya mwenzake.

Mhakiki77

Uzi mzuri, ila naomba nitoe la moyoni. Kama karatasi haipo, basi haipo. Hao wanaoandika "Bach, koncheto ya oboe na fidla" kwenye jalada wanatupa kitu ambacho Bach hakukiacha. Alichokiacha ni hapsikodi mbili. Kwa nini tusikae na hicho? Mimi nikikuta shairi la kale limebaki kwa nakala moja, siruhusiwi kulibadilisha vina nikasema "hivi ndivyo lilivyokuwa".

FidlaYaPili

Mhakiki77, hoja yako ni nzito na siipuuzi. Nijibu kwa sehemu mbili.

Kwanza, wachapishaji makini hawajifichi. Mwaka 1970 katika ule mfululizo mpya wa kazi zote za Bach, Wilfried Fischer aliweka kitabu kizima cha koncheto zilizopotea na kurudishwa, na kichwa chake kinasema waziwazi kwamba ni za kurudishwa. Hata namba huandikwa BWV 1060R, hiyo R ikiwa alama ya kukuonya. Anayeificha R kwenye jalada ndiye wa kulaumiwa.

Pili, mfano wako wa shairi ni mzuri, lakini hali yetu iko hivi: umekuta shairi ambalo mshairi mwenyewe alilihamisha kutoka lahaja moja kwenda nyingine, na unazo kazi zake nyingine tatu nne alizozihamisha vilevile, zikiwa na asili na nakala zote mbili. Umejifunza anavyohamisha. Ukirudi nyuma kwa njia ileile hubuni, unafuata nyayo zake. Utakosea neno hapa na pale, sikatai. Lakini hutapotea njia.

Halafu kuna ushahidi wa masikio. Tafuteni kantata (kazi ya waimbaji na ala) BWV 21, ile inayoanza na maneno ya huzuni nyingi moyoni. Bach aliiongoza Weimar tarehe 17 Juni 1714. Kabla kwaya haijafungua mdomo kuna utangulizi wa ala tu, na wanaozungumza juu ya wenzao ni oboe na fidla ya kwanza. Noti hizo zipo, hakuna aliyezirudisha. Sikilizeni wanavyofanya: mmoja anashika noti ndefu, mwingine anaingia na noti inayogombana nayo, maumivu yanapanda, kisha yule wa kwanza anasogea kidogo na vurugu inatulia. Halafu wanabadilishana. Huu ni utangulizi wa dakika tatu hivi, na ndani yake Bach ametuonyesha anawafikiriaje hawa wawili wakikaa pamoja. Ukitoka hapo ukaingia sehemu ya taratibu ya BWV 1060 kwa oboe na fidla, utasikia watu walewale.

Mhakiki77

Nitaisikiliza hiyo ya 1714. Bado nashikilia kwamba jalada liseme ukweli.

FidlaYaPili

Hapo tuko pamoja kabisa.

Zumari la Lamu

Assalaam alaykum wote. Mimi si mtu wa Bach, mimi ni mtu wa zumari, baba alipiga na mimi napiga kidogo. Nimeusoma uzi huu kwa sababu ya neno moja, pumzi. Nataka kuuliza. Hiyo oboe si zumari? Kamusi zetu nyingine zinaita hivyohivyo. Na kama ni zumari, mbona unasema anahitaji kukata ili avute? Sisi hatukati. Shavu linajaa, unavuta kwa pua huku shavu linasukuma, sauti haikatiki mpaka ngoma iishe.

FidlaYaPili

Wa alaykum salaam, Maalim. Swali lako ndilo nililokuwa nalingojea bila kujua.

Ni ndugu, ndiyo. Neno letu zumari limetoka Kiarabu, na ala za ukoo huo, zenye ndimi mbili za tete zinazotetema pamoja, zilienea kuanzia Asia na nchi za Kiarabu mpaka Ulaya. Wazungu nao walikuwa na zumari lao kubwa la kupigia uwanjani, sokoni na kwenye maandamano. Katikati ya karne ya 17, mafundi wa Ufaransa waliozunguka kasri la mfalme, watu wa koo za Hotteterre na Philidor, walilichukua zumari hilo wakalibadilisha. Walilikata vipande vitatu vinavyoungana, wakapunguza upana wa tundu la ndani, wakaongeza vibonyezo viwili vitatu vya shaba. Na wakaondoa kile kisahani cha kuegemeza midomo.

Hilo la mwisho ndilo jibu la swali lako. Kwenye zumari ulimi wote wa tete unaingia mdomoni, midomo inakaa kwenye kisahani, sauti inatoka kwa nguvu moja. Kwenye oboe midomo inaukamata ulimi wenyewe. Ukikaza kidogo sauti inakuwa nyembamba, ukilegeza inafunguka, unaweza kuanza noti kwa unong'ono ukaikuza kisha ukairudisha kwenye unong'ono. Wafaransa walitaka ala ya ndani ya nyumba, inayoweza kukaa na fidla bila kuimeza. Walichopata ni ala inayofanya kile anachofanya mwimbaji. Na mwimbaji anavuta pumzi. Wapo wapuliza oboe wa leo wanaoijua njia yenu ya shavu, ila katika muziki wa Baroki kukata ni sehemu ya usemi.

Kuna jambo jingine kuhusu pumzi ya oboe ambalo lilinishangaza. Shida ya mpulizaji ni kubaki na hewa nyingi kupita kiasi. Upenyo kati ya zile ndimi mbili ni mwembamba mno, hewa inatoka kidogokidogo, sentensi ikiisha kifua bado kimejaa hewa iliyokwisha kazi. Kwa hiyo anatakiwa atoe kwanza ile chakavu, ndipo avute mpya, na vyote viwili ndani ya nafasi ndogo aliyopewa. Mtazameni mpuliza oboe akiwa anapiga, mtaona kifua kinashuka kabla ya kupanda.

Zumari la Lamu

Umenijibu, kijana wangu. Hilo la hewa kubaki kifuani nalijua. Hata sisi, wanaoanza hushindwa hapo, si kwa kukosa pumzi, ni kwa kuwa nayo na haina pa kwenda. Nitatafuta hiyo sehemu ya taratibu.

Mwanakwaya

Maalim na FidlaYaPili mmenifungua. Sisi kwaya tuna utaratibu wa kupokezana pumzi, huyu akivuta jirani yake anashikilia, ili wimbo usikatike. Je, ndicho wanachofanya hawa wawili?

FidlaYaPili

Dada Mwanakwaya, karibu kabisa na hapo. Ila kwenye kwaya mnaficha, msikilizaji asijue nani kavuta. Bach hafichi. Sehemu ya taratibu ya BWV 1060 iko hivi: okestra inadonoa nyuzi kwa vidole, haitumii upinde (rekodi nyingi hufanya hivyo), kwa hiyo chini yako kuna matone tu, tone, tone, tone, kwa mwendo wa kubembea. Juu ya matone hayo wa kwanza anaanza wimbo. Kabla hajamaliza, wa pili anaingia na wimbo uleule kutoka mahali pengine. Mmoja anaposimama kwenye noti ndefu, mwenzake ndiye anayesogea. Anayesogea akifika na kusimama, yule aliyekuwa amesimama anaondoka. Hakuna wakati ambapo wote wawili wamenyamaza, na ni nadra kuwakuta wote wawili wakihangaika kwa pamoja.

Kwenye hapsikodi noti ndefu haiwezi kusimama. Ukibonyeza, baada ya muda mfupi imekufa, ndiyo maana wapigaji hujaza vitetemeshi, yaani noti mbili jirani zinazopokezana haraka. Nimeisikiliza sura ya hapsikodi mara nyingi na naipenda, hasa sehemu ya kwanza ambapo wimbo wa okestra unaachwa na mwangwi wake mdogo, sauti kubwa kisha hafifu, na zile hapsikodi mbili zinamwaga noti kama mvua juu ya bati. Lakini kwa sehemu ya taratibu sina mjadala. Inataka mtu anayeweza kushikilia.

BintiShangani

Nina swali la kitaalamu kidogo. Mimi nasoma muziki na mwalimu aliwahi kutuwekea rekodi ya koncheto hii ikiwa D maina. Nyingine nilizosikia zote ni C maina. Nani kakosea?

FidlaYaPili

Hakuna aliyekosea, Dada. Rudi kwenye ile orodha niliyoweka juu. BWV 1043 ni D maina, sura yake ya hapsikodi ni C maina. A maina ilishuka ikawa G maina. E meja ilishuka ikawa D meja. Kila mara ngazi moja chini. Sababu ni kwamba hapsikodi alizoziandikia Bach zilikomea noti ya D juu kabisa, na fidla kwenye koncheto zake hupanda mpaka E. Kwa hiyo anashusha kila kitu ngazi moja ili kinanda kifike.

Sasa BWV 1060 ya hapsikodi iko C maina. Wengine wakasema: kama ndugu zake wote walishushwa, na huyu kashushwa, asili yake ni D maina. Wengine wakasema: hapana, C maina inakaa sawa kwa ala zote mbili, hakuna haja ya kuigusa. Ndiyo maana utakuta zote mbili madukani na kwenye matamasha. Kwa fidla, D maina ni raha, kwa sababu una nyuzi wazi za D na A zinazolia zenyewe. C maina inaifunika fidla kama kitambaa, inakuwa na kivuli. Mimi napenda hicho kivuli, kinaisogeza fidla karibu na oboe. Hayo ni masikio yangu, mwingine atasema vingine.

Mhakiki77

Na hapo ndipo ninaposema, ukiona hata ufunguo wenyewe una mjadala, kuwa mwangalifu.

BintiShangani

Mhakiki, kuwa mwangalifu sawa, lakini tusikilize kwanza. FidlaYaPili, kuna nyingine za aina hii ambazo noti zake zipo, tusizozigombania?

FidlaYaPili

Zipo, na baadhi ni tamu sana.

Telemann ana koncheto ya rekoda na viola da gamba katika A maina, TWV 52:a1 (TWV ni orodha ya kazi zake, kama BWV ya Bach). Rekoda ni ile filimbi ya kupulizwa kwa ncha, ambayo watoto wengi wameishika shuleni. Viola da gamba inashikwa katikati ya miguu kama chelo, ila ina nyuzi sita na mikato shingoni kama gitaa, na sauti yake ni ya mtu anayezungumza chumbani usiku. Hizi ni ala mbili za upole. Hakuna kati yake inayoweza kupiga kelele. Telemann aliwaweka mbali, rekoda juu, gamba chini yake, halafu akawapa nyimbo zinazokwenda bega kwa bega. Sehemu ziko nne, siyo tatu: inaanza na mwendo mzito, inakimbia, kisha inakuja sehemu aliyoiandika "Dolce", yaani kwa utamu, halafu mbio za mwisho.

Telemann nampendea jambo moja. Alipokuwa kijana, kuanzia 1705, aliajiriwa na bwana mmoja huko Sorau, mji ambao sasa uko Poland na unaitwa Żary. Bwana huyo na watu wa kasri lake walipohamia Pless, na alipofika Kraków, alisikia wapigaji wa Kipolandi kwenye vilabu vya pombe, fidla na zumari zao za viriba vya ngozi. Baadaye aliandika kwamba mtu makini angekaa nao siku nane tu angeokota mawazo ya kumtosha maisha yake yote. Mtu wa kasri anasema hivyo juu ya wapigaji wa kilabuni! Na hakusema tu, aliyatumia. Sikilizeni zile mbio za mwisho katika koncheto yake ya rekoda na filimbi ya ubavuni, E maina, TWV 52:e1. Besi inakita palepale kama miguu inayopiga sakafu. Hiyo ni ya wapulizaji wawili, najua nimetoka nje ya mada kidogo, lakini kuiacha ningejuta.

Halafu kuna Antonio Vivaldi wa Venice. Ana koncheto ya fidla na oboe katika B-flati meja, RV 548 (RV ni orodha ya kazi za Vivaldi). Vivaldi alianza kazi 1703 kama mwalimu wa fidla kwenye Ospedale della Pietà, nyumba iliyolea watoto walioachwa mlangoni. Wasichana wenye kipaji walifundishwa muziki mpaka wakawa okestra iliyotafutwa na wasafiri wa Ulaya nzima. Walipiga wakiwa nyuma ya vimia vya chuma, watu wakiwasikia bila kuwaona vizuri. Kwa kuwa hawakuwa na jina la ukoo, walijulikana kwa ala zao: Anna Maria dal Violin, Pelegrina dall'Oboe. Anna Maria wa Fidla, Pelegrina wa Oboe. Mfaransa mmoja aliyewasikia 1739 aliandika kwamba hakuna ala kubwa kiasi cha kuwatisha.

Ukiisikiliza RV 548 ukijua hilo, huoni tena "ala mbili". Unaona wasichana wawili waliokulia chumba kimoja.

BintiShangani

Pelegrina wa Oboe. Nimeliandika kwenye daftari.

KahawaTungu

Nimechelewa kuuona uzi huu. Naomba mtu aniambie nianzie wapi, sina ujuzi wa noti, nina spika ndogo na usiku mmoja tu wa kutulia.

FidlaYaPili

KahawaTungu, karibu. Anza na ule utangulizi wa BWV 21, dakika tatu. Usifanye kitu kingine, sikiliza tu. Kisha nenda BWV 1060 sehemu ya kwanza, na ujaribu kumfuata oboe peke yake, umwache fidla akimbie. Utaona ni rahisi, maana oboe ana kitu cha puani kidogo kinachopenya. Ukifika sehemu ya pili, mfuate fidla. Sehemu ya tatu waachie wote.

Kama unapenda ala za kisasa, iko rekodi ya Arthur Grumiaux kwenye fidla na Heinz Holliger kwenye oboe, ni ya zamani lakini wanapokezana kwa adabu. Kama unataka ala za zama zile, tafuta kikundi chochote kinachopiga kwa nyuzi za utumbo wa kondoo na oboe ya mti yenye vibonyezo vichache. Utasikia sauti iko chini kidogo, kama nusu ngazi, kwa sababu vikundi hivyo vimekubaliana kupangia ala zao noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde wakati okestra za leo hutumia 440. Pia utasikia fidla imepungua makali. Nyuzi za utumbo zina ukwaruzo kidogo mwanzoni mwa kila noti, na upinde wa zama zile ni mfupi na umepinda kwa nje, kwa hiyo hata fidla hapo inaanza kuonekana kama inavuta pumzi. Wale wawili wanakaribiana zaidi.

KahawaTungu

Asante mkuu. Usiku huu huu.

Zumari la Lamu

Nimeisikiliza sehemu ya taratibu mara tatu. Mara ya kwanza na simu, mbili za mwisho kijana wangu aliniunganishia spika.

Nakubaliana na huyo profesa wa fizikia. Yule ni mpulizaji. Pale karibu na mwanzo, oboe inaposimama kwenye noti moja na fidla inaingia chini yake, noti ile haisimami tuli. Inaanza ndogo, inavimba, halafu inarudi. Mtu wa kinanda hafikirii noti hivyo, akishabonyeza ameshamaliza. Aliyeiweka pale alikuwa anajua mpulizaji anataka nini.

Mwanangu aliniuliza kama naweza kuipiga kwa zumari. Nilimwambia kisahani kitanizuia.

FidlaYaPili

Maalim, kuna rafiki yangu hapa ana oboe ya kujifunzia haitumii. Nikiileta pwani mwezi ujao, utaishika?

Zumari la Lamu

Ilete. Na uje na fidla yako.